Dada Aliyesoma Mbele Yangu

Wenzangu mliozaliwa Bwera kabla reli haijafika Kasese, ninyi mtanielewa nikisema kwamba nilijifunza kusoma nikiwa na fimbo ya kufukuzia kuku mkononi. Wajukuu zangu nikiwaambia hivyo wanacheka, wanadhani Bibi anatia chumvi. Hawa ni watoto ambao mtandao ukikatika wanalala kitandani na kusema kazi ya nyumbani haiwezekani. Sisi chaki yetu ililiwa na mbuzi na masomo yaliendelea.

Nyumba yetu ilikuwa ya udongo na mabati, kando ya barabara inayoteremka kwenda mto Lubiriha. Ng'ambo ya mto ni Kongo. Asubuhi nyingine mawingu yalifunguka tukaona theluji juu ya mlima, na Mama alituita tuitazame haraka kabla haijajifunika tena. Baba alikuwa na lori. Alibeba kahawa na maharage kutoka kwa wakulima wa milimani, na samaki wakavu kutoka Katunguru, na harufu ya hao samaki ilikaa kwenye nguo zake hata siku ya Idi.

Kiswahili chetu kilikuwa cha mpakani: mutu, mutoto, iko, na beko tukimaanisha wako. Hatukujua kwamba tunakosea, kwa kuwa hapakuwa na jirani aliyesema vinginevyo.

Tulikuwa watoto watatu. Dada Mariamu ndiye wa kwanza, akafuata kaka Yusufu, na mimi Hadija nikawa kitinda mimba. Hatukwenda shule. Shule za karibu zilikuwa za misheni, na Baba, Mwislamu mtoto wa Waislamu, aliogopa kwamba mtoto ataingia Yusufu atoke Yosefu. Akasema, "Batoto bangu batasoma. Lakini jina niliwapa, ni ile batarudi nayo." Ilikuwepo shule moja ya Waislamu, mbali, upande wa Toro, ila ilipokea watoto wanaojua tayari kusoma na kuhesabu. Basi ilibidi mtu atufundishe nyumbani kwanza, na mtu huyo alikuwa Mama.

Mama alizaliwa Kyarumba, juu huko ambako njia zimesimama kama ngazi na kila kitu hupanda kichwani mwa mtu. Wazazi wake walikuwa Wakristo, wakulima wa kahawa, nao walimsomesha miaka minne. Alipoolewa na Baba alibadili dini, akabadili na jina, lakini vitabu vyake aliteremka navyo, ndani ya kapu la maharage. Vilikuwa vitatu: cha kusoma Kiswahili, cha hesabu, na kimoja chembamba cha Kiingereza ambacho kurasa za mwanzo zilikuwa zimeliwa na mchwa. Kwa hiyo Kiingereza chetu kilianzia katikati. Tulijua kusema "mvua imekoma" kabla ya kujua kusema "habari za asubuhi".

Darasa lilikuwa barazani. Ubao ulikuwa mlango wa zamani uliopakwa masizi ya sufuria, na chaki ilikuwa vipande vya muhogo mkavu, ambavyo huandika vyeupe kabisa ukivichagua vizuri. Ndiyo maana nasema mbuzi walikula chaki. Tulianza baada ya kufagia, kuchota maji na kunywa uji, na tuliacha jua lilipofika kwenye nguzo ya pili, kwa sababu hapo Mama alitakiwa jikoni kusonga bundu, ugali wetu wa muhogo.

Wanafunzi walikuwa wawili. Yusufu ndiye aliyekuwa akiandaliwa kwenda shule. Mariamu aliwekwa hapo kwa kuwa Yusufu peke yake hakukaa. Dakika moja ukigeuka, yuko chini ya lori la Baba. Mimi sikuwa mwanafunzi. Kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye ngazi ya baraza na kuzuia kuku wasipande kwenye mikeka ya muhogo. Lakini masikio hayafukuzi kuku. Nilikaa pale na fimbo yangu, nikasikia a, e, i, o, u mpaka nikawa naota herufi.

Nakumbuka siku Mama alipowapa imla. Alitamka "mtoto", wote wawili wakaandika "mutoto". Mama akafuta. Dada Mariamu akachukua kitabu, akakitazama kwa muda, kisha akauliza, "Mama, hii kitabu iliangusha u yake wapi?"

Mama alicheka mpaka akashika nguzo. "Kwa kinywa sema unavyotaka," akasema. "Kwa ubao, andika kama kitabu."

Mama alikuwa na sheria moja ambayo sijaikuta katika chuo chochote cha ualimu, na nimepita katika viwili. Alisema mtu hajui kitu mpaka amfundishe mdogo wake. Somo likiisha hakuuliza, "Mmeelewa?" Aliniita mimi kutoka kwenye ngazi, akaniuliza mimi. Nikishindwa, lawama zilikuwa zao.

Yusufu alinifundisha kwa haraka haraka ili akimbie kwenye lori. Aliniambia nane mara saba ni hamsini na nne, na nikaamini mwaka mzima. Mariamu alikuwa mtu mwingine. Alinifundisha njiani tukitoka mtoni, yeye akiwa na mtungi kichwani na mimi na kibuyu changu.

"Saba mara nne?"

Nikikosea, hakunigombeza. Alisimama. Alisimama pale pale kwenye mteremko, mtungi umejaa, akanisubiri mpaka nipate jibu. Maji ni mazito, ninyi mliochota mnajua. Nilijifunza upesi kwa sababu niliihurumia shingo yake.

Na maneno marefu alinifundisha kuyala kama muwa, kipande kwa kipande. "Usimeze yote," alisema. "Utakabwa. Kata, tafuna, halafu ingine."

Tulisoma hivyo kama miaka mitatu. Reli ikafika Kasese, watu wakaenda kuiona wakarudi wakiigiza mlio wake. Kisha Baba akapata habari kwamba mwalimu mkuu wa ile shule ya Toro atakuja Kasese kwa siku moja kupima watoto. Baba akaamuru Yusufu anyolewe.

"Na wengine?" Mama akauliza.

"Wengine wa nini? Ni Yusufu anaenda shule."

"Baba Mariamu, hawa walisoma pamoja. Utapeleka wote."

Baba alinung'unika kwamba lori si la harusi. Lakini alfajiri tukapanda wote watatu juu ya magunia ya kahawa, Yusufu katikati, kichwa kimeng'aa kama yai. Mama alibaki mlangoni. Alimtengeneza Mariamu kitambaa cha kichwa mara mbili, kana kwamba ni yeye anayekwenda kupimwa.

Mwalimu mkuu alikuwa mzee wa kanzu na miwani, Mganda, mpole wa sauti. Alikaa kwenye nyumba iliyo karibu na msikiti, meza mbele yake, na watoto wa watu wengine wamejipanga ukutani. Ilipofika zamu yetu Baba akamsukuma Yusufu mbele. Yusufu alisoma mistari miwili vizuri, wa tatu akarukaruka maneno, na kwenye hesabu akakosa zote. Alikuwa anajua kufungua injini na kuifunga bila kubakisha nati hata moja, lakini meza ile haikuuliza habari za nati. Mwalimu mkuu akamwambia kwa upole arudi mwakani. Niliona mabega ya kaka yangu yakishuka, si kwa huzuni, bali kama ya mtu aliyetuliwa gunia.

Baba alianza kuaga. Mwalimu mkuu akaelekeza kidole mlangoni. "Na huyu msichana?"

"Huyu alisindikiza tu."

"Kale," akasema, yaani haya kwa Kiganda, "na asome."

Dada Mariamu akaja mezani. Alisoma ukurasa mzima bila kupumua vibaya, kwa Kiswahili cha kitabu, u zote mahali pake. Akapewa hesabu, akajibu kwa kichwa. Akapewa Kiingereza, akasoma hata maneno ambayo hatukuwahi kufundishwa. Nilimtazama Baba. Alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili na mdomo umefunguka kidogo, kama mtu anayemwona jirani wa miaka mingi kwa mara ya kwanza.

Mwalimu mkuu alivua miwani. "Una miaka mingapi, mwanangu?"

"Kumi na nne."

Kisha akaeleza, na naamini ilimuuma. Wasichana wa shule yake walikuwa sita tu, walilala nyumbani kwa mke wake, wote wadogo, na darasa lenyewe lilikuwa la kwanza. Aliyezidi miaka kumi na miwili hakupokelewa. "Umechelewa, mwanangu," akasema. "Si kosa lako."

Mimi nilidhani Dada atalia. Hakulia. Aligeuka, akanishika mkono, akanivuta kutoka nyuma ya kanzu ya Baba mpaka mbele ya meza. "Huyu iko na miaka nane," akasema. Kwa hofu, Kiswahili cha kitabu kilikuwa kimemtoroka. "Ile yote najua, na yeye anajua."

Nilipewa kitabu. Kilikuwa kikubwa kuliko kifua changu. Nilisoma mistari ya kwanza nikisikia sauti yangu kama ya mtu mwingine, halafu nikafika kwenye neno refu kuliko yote niliyowahi kuona, nikakwama. Nikainua macho kumtafuta Mariamu.

Alikuwa amegeuza uso ukutani. Alisimama pale, mgongo kwetu, mikono nyuma, ili asiwepo mtu wa kusema kwamba alinitamkia kwa midomo.

Baba alikohoa. Kisha nikaanza kulikata. Ha-wa. Ku-m. Si-ki. Li-za. Hawakumsikiliza. Nikalirudia kwa sauti, na mwalimu mkuu akasema, "Kale," akachukua kalamu yake na kuuliza jina langu.

Tukapanda tena lori, tukarudi Bwera. Baba alikwenda Kasese kupeleka mwana wa kiume, akarudi na nafasi ya msichana mdogo ambaye bado anafukuza kuku. Tulipofika nyumbani alimwambia Mama habari yote wima, bila kukaa.

"Mutoto mwanamuke," akamaliza. "Mudogo hivi. Mbali hivi. Watu watasema nini?"

"Watu hawakumfundisha," Mama akajibu. "Wasiseme."

Baba alizunguka lori lake, akapiga teke gurudumu moja, akarudi. Kisha alifanya jambo ambalo mpaka leo namheshimu kwa ajili yake. Alimwita Mariamu. "Wewe ndiyo mwalimu yake," akamwambia. "Unasema nini?"

Dada alikuwa ameinama akinifungua kamba ya kiatu, vile viatu tulivyoazima kwa jirani. Hakuinua kichwa. "Aende, Baba."

"Na wewe?"

"Mimi nimesoma tayari."

Baada ya chakula nilimfuata nyuma ya nyumba. Alikuwa akitwanga muhogo. Nilisimama nikamtazama kwa muda, ndipo nikaona kwamba kinuni mlikuwa na unga mtupu, laini kabisa, ungeweza kuupuliza ukaondoka. Aliendelea kutwanga. Nikarudi ndani bila kumwita.

Mwezi uliofuata nilikwenda shule. Sitawachosha kwa habari za uji wenye wadudu na maji baridi ya alfajiri; kila mtu wa rika letu ana zake na anapenda kuzizidisha. Nitasema tu kwamba niliporudi likizo ya kwanza, kabla sijashusha sanduku, Mariamu alinivuta barazani. "Haya," akasema. "Banawafundisha nini huko?" Akakaa kwenye ngazi, pale nilipokuwa nikikaa mimi. Nikasimama mbele ya ule mlango mweusi na kipande cha muhogo, nikamfundisha muhula mzima kwa siku kumi. Likizo ya pili vivyo hivyo. Alinizidi kwa upesi. Maswali yake nilirudi nayo shuleni nikamuuliza mwalimu, na mwalimu alidhani ni yangu, akanisifu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nimelizunguka kwa kurasa hizi zote.

Ilikuwa mwaka wa tatu. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nimejifunza kuvaa soksi na kusema Kiingereza puani. Nilikuja likizo na rafiki yangu wa shule, binti wa mtu mwenye duka huko mjini. Tulikuwa tumekaa barazani tukichekeana, Mariamu akatoka jikoni, mikono ina unga, amefunga kanga kifuani. Akakaa kwenye ngazi. "Haya, banawafundisha nini?" Rafiki yangu alimtazama miguu, kisha akanitazama mimi. Nami nikasema, kwa Kiswahili cha kitabu, kila herufi mahali pake, "Dada, mambo haya hutayaelewa."

Alinitazama. Hakukunja uso. Alifuta mikono kwenye kanga, polepole, kidole kwa kidole, akainuka akarudi jikoni. Hakuniuliza tena, likizo ile wala nyingine yoyote. Mwaka uliofuata aliolewa na mfanyabiashara wa samaki wa Katunguru, na mimi nilikuwa shuleni.

Mama hakunipiga. Alisikia kila kitu kutoka jikoni na hakusema neno mpaka yule rafiki alipoondoka. Ndipo akaniambia, "Nilidhani umesoma." Basi. Ningeomba fimbo.

Nilikuwa mwalimu miaka mingi. Nilisimama mbele ya madarasa ya watoto, na kila mara mtoto mkubwa alipomcheka mdogo, au mdogo mwenye akili alipombeza mkubwa aliyechelewa, niliona haya kana kwamba wananisema mimi. Lakini kwa Dada mwenyewe sikuwahi kulitaja. Tulitembeleana, tuliwazika wazazi pamoja, tulipeana watoto walelewe, na neno lile lilikaa katikati yetu kama jiwe ambalo kila mtu amezoea kulipita kando.

Nilipostaafu nilikwenda Katunguru makusudi. Nilimkuta uani kwake akianika samaki. Nikamsaidia kugeuza safu nzima kabla sijapata ujasiri. "Dada," nikasema, "unakumbuka siku ile barazani, nilipokuwa na rafiki yangu?"

"Nakumbuka."

Nilitaka aseme amesahau. Nikamwomba msamaha, kwa maneno mengi yasiyo na mpango. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akageuza samaki mmoja.

"Ulikuwa mutoto," akasema. "Lakini siwezi kukudanganya, Hadija. Ile siku niliumia." Akageuza samaki wa pili. "Halafu ulirudi shule, ukaacha daftari zako za mwaka kwa Mama. Wewe ulikataa kunifundisha. Daftari hazikukataa."

Kumbe zote alizisoma. Kila likizo nilipoacha daftari nilizomaliza, Mama alimpelekea Katunguru kwa lori la Yusufu, ambaye wakati huo ndiye dereva. Alizisoma mpaka za darasa la mwisho. Na watoto wake sita aliwafundisha kwa zamu, mkubwa naye akimfundisha mdogo, kwenye ukuta wa nyumba uliopakwa masizi. Mimi niliwajua wale watoto, niliwasifia akili zao, na sikuwahi kuuliza zilitoka wapi.

Siku hizi nyumbani kwangu Kasese wanakaa wajukuu watano. Wanasoma shule tatu tofauti, kila mmoja na sare yake na bodaboda yake ya asubuhi. Jioni mkubwa anafunga mlango wa chumba. Mdogo akigonga anaambiwa, "Usinisumbue, nina mtihani." Naye mdogo harudii, anakaa sebuleni na simu ya mama yake, anatazama watoto wa nchi nyingine wakifungua zawadi. Nimewaambia habari za sheria ya Mama. Wamesema ni nzuri, wakaniuliza kama nimemaliza kuchaji simu yangu, wachomeke zao.

Sisemi zamani ilikuwa bora. Zamani ile ile msichana wa miaka kumi na minne, aliyejua kuliko wote waliokuwa chumbani, aliambiwa amechelewa, akarudi nyumbani kutwanga. Leo Mariamu angeingia darasa lolote na asingekuwepo wa kumuuliza miaka. Kwa hilo nashukuru, na ningewapa wajukuu zangu simu kumi kila mmoja kama ndiyo bei yake. Ila nawaangalia wakisoma kila mtu na mlango wake, na nawaonea huruma kwa kitu wasichojua kwamba hawana.

Juzi mmoja wao alikuwa akipekua kabati langu akakuta cheti changu cha shule, kimegeuka rangi ya chai. Akakisoma kwa sauti: jina, somo, alama. Akasema, "Bibi, kumbe ulikuwa na akili!" Nikakichukua nikakitazama. Muhuri upo, sahihi ipo, kila kitu kimeandikwa kwa mkono mzuri. Lakini jina ni moja, na waliosoma tulikuwa wawili.